Atomu na chembe zake: maswali ninayoulizwa mara kwa mara darasani Arusha

Ninafundisha kemia na fizikia kwenye darasa la jioni huku Kijenge. Wanaokuja ni wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne, na Jumamosi huja wazazi kuulizia maendeleo, wakabaki na wao wanauliza. Maswali yanajirudia kila mwaka. Nimeyajibu hapa kwa Kiswahili kwa sababu watoto wetu wengi husoma sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha kidato cha kwanza wanakutana na atomu kwa Kiingereza, na wakirudi nyumbani hawana wa kumwuliza.

Mwalimu, atomu ni nini hasa?

Chukua kipande cha waya wa shaba, ukikate katikati. Kila nusu bado ni shaba. Kata tena, na tena. Itafika mahali utabaki na kipande ambacho ukikivunja, vitakavyotoka humo si shaba tena. Hicho cha mwisho kinachostahili kuitwa shaba ndicho atomu. Neno lenyewe ni la Kigiriki, maana yake kisichokatika. Baadaye watu waligundua kwamba kinakatika, lakini jina lilikuwa limeshazoeleka.

Ni ndogo mno. Atomu za dhahabu ukizipanga mstari mmoja zikigusana, milimita moja inachukua zaidi ya milioni tatu. Kijiko cha chai cha maji kina molekuli ambazo idadi yake huandikwa kwa tarakimu 24, na kila molekuli ina atomu tatu: mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni.

Ndani yake mna nini?

Mna chembe za aina tatu. Katikati pana kiini, na kiini kina protoni zenye chaji chanya na nyutroni zisizo na chaji. Nje ya kiini kuna elektroni zenye chaji hasi. Protoni na nyutroni zinakaribiana uzito, nyutroni ikizidi kidogo sana. Elektroni ni nyepesi kupita kiasi: zinahitajika 1,836 ndipo zilingane na protoni moja. Ukipimiwa kilo ya nyama buchani, elektroni zote zilizomo hazifiki nusu gramu. Uzito wote uliobaki ni wa viini.

Lakini chaji ya elektroni, pamoja na wepesi huo wote, inalingana sawasawa na ya protoni, ila ni kinyume chake. Ndiyo maana atomu yenye protoni na elektroni idadi moja haina chaji kwa jumla.

Kinachofanya shaba iwe shaba na dhahabu iwe dhahabu ni nini?

Ni idadi ya protoni, basi. Shaba ina 29, zinki 30, dhahabu 79, zebaki 80. Unaweza kuongeza au kupunguza elektroni, unaweza kukuta nyutroni pungufu au zaidi, na jina halibadiliki. Badilisha protoni moja tu, umepata kitu kingine kabisa.

Aliyethibitisha kwamba namba hii ndiyo inayopanga jedwali la elementi, yaani vitu vyenye atomu za aina moja kama shaba na dhahabu, ni Henry Moseley wa Uingereza, mwaka 1913. Aliuawa vitani Gallipoli, Uturuki, mwaka 1915, akiwa na miaka 27. Kila nikifika hapa darasani huwa nasita kidogo kabla ya kuendelea.

Jambo hili lina faida hata mtaani. Moto wa mkaa, asidi, dawa yoyote ya kuchanganya, vyote hivyo hugusa elektroni za nje tu. Havifiki kwenye kiini. Kwa hiyo mtu akikuambia ana kemikali ya kugeuza zebaki kuwa dhahabu, anataka hela yako. Nimewaona watu wazima wakiuza ng'ombe kwa ahadi kama hiyo, na iliniuma.

Kiini kilionekanaje, kama ni kidogo hivyo?

Hakikuonekana kwa macho. Kilijulikana kwa kurusha vitu na kutazama vinakodundia.

Mwaka 1897, J. J. Thomson kule Cambridge alitambua elektroni. Alitumia bomba la kioo lililoondolewa hewa, akaona mwale unaopinda ukiwekewa sumaku au umeme, na akatumia metali hii au ile, chembe zilikuwa zile zile. Akafikiri atomu ni donge la chaji chanya lenye elektroni zilizotapakaa ndani yake. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wa Kichaga: kama maharage ndani ya kiburu, kile chakula laini cha ndizi na maharage.

Mwaka 1909, Manchester, Hans Geiger na kijana Ernest Marsden, chini ya Ernest Rutherford, walirusha chembe nzito za alfa, yaani viini vya heliamu vyenye chaji chanya, kwenye karatasi nyembamba mno ya dhahabu. Fikiria kazi yenyewe. Unakaa gizani mpaka macho yazoee, unaweka jicho kwenye hadubini, na kila chembe ikigonga kioo kilichopakwa dawa unaona cheche ndogo. Unahesabu cheche moja moja. Nyingi mno zilipita moja kwa moja kana kwamba hakuna dhahabu. Chache zilipinda. Halafu moja katika maelfu ilirudi ilikotoka.

Kiburu hakirudishi jiwe. Kilichorudisha chembe ile lazima kiwe kigumu, kizito, chenye chaji chanya, na kidogo sana ndiyo maana kilikoswa karibu kila mara. Rutherford alitangaza maelezo hayo mwaka 1911. Jina la protoni lilikuja mwaka 1920. Nyutroni ilichelewa mpaka 1932, alipoithibitisha James Chadwick, kwa sababu kitu kisicho na chaji hakivutwi na umeme wala hakisukumwi, kwa hiyo ni vigumu kukinasa.

Kiini ni kidogo kiasi gani ukilinganisha na atomu yenyewe?

Nenda uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Weka punje moja ya ulezi katikati ya uwanja, pale mpira unapoanzia. Kama punje hiyo ndiyo kiini cha haidrojeni, basi atomu nzima inaenea karibu toka goli hadi goli. Humo mote hakuna kingine isipokuwa elektroni moja.

Viini vya atomu kubwa ni vinene zaidi, kwa hiyo uwiano hupungua. Kwa dhahabu atomu ni pana kama mara 20,000 ya kiini chake. Bado ni nafasi kubwa mno.

Kama kila kitu ni nafasi tupu, mbona mkono haupiti kwenye meza?

Kwa sababu ya elektroni. Ukisogeza mkono mezani, elektroni za ngozi yako zinakutana na elektroni za mbao. Chaji zinazofanana husukumana, na zaidi ya hapo kuna kanuni ya maumbile inayokataza elektroni mbili kuwa katika hali moja mahali pamoja. Ugumu unaouhisi ni kukataliwa huko.

Elektroni za nje zinaweza pia kuhama. Jaribu mwezi wa Julai, baridi ya Arusha ikiwa kali na hewa kavu: zima taa, vua sweta la sufi lililovaliwa juu ya shati la nailoni. Utasikia mlio wa kupasuka pasuka, na ukitazama vizuri utaona vicheche vya buluu. Msuguano umehamisha elektroni kutoka nguo moja kwenda nyingine, na sasa zinarudi kwa kuruka hewani. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea habari hii asubuhi akiwa amejaa furaha, akasema alimwamsha bibi yake aje aone.

Elektroni inazunguka kiini kama sayari zinavyozunguka jua?

Hapana, ingawa picha ya kitabuni ndivyo inavyochora. Niels Bohr alitoa mchoro wa aina hiyo mwaka 1913, na ulisaidia sana, maana ulisema elektroni haikai popote tu bali kwenye ngazi maalumu za nishati. Miaka ya 1920 ikaonyesha kwamba elektroni haina njia unayoweza kuichora. Kuna maeneo ambamo uwezekano wa kuikuta ni mkubwa, na mengine ambamo ni mdogo. Fikiria ukungu ulioshuka juu ya shamba la migomba: mzito hapa, mwepesi pale.

Kwenye mtihani chora miduara, 2, 8, 8 kama ulivyofundishwa. Inakusaidia kuhesabu elektroni, na kuhesabu ndiko unakopimwa. Nakuomba tu usiamini kwamba ndivyo ilivyo.

Zile ngazi unaweza kuziona jikoni. Washa jiko la gesi, mwali uwe wa buluu. Dondoshea punje chache za chumvi, mtu mzima akiwa karibu. Mwali unageuka njano ya chungwa ghafla. Elektroni ya nje ya sodiamu imepewa joto ikapanda ngazi, kisha imeshuka, na katika kushuka imetoa nishati yake kama mwanga wa rangi hiyo hiyo kila mara. Ukipata chumvi ya shaba, mwali unakuwa kijani. Kila elementi ina rangi zake, na kwa njia hiyo tunajua jua limetengenezwa na nini bila kwenda huko.

Na rangi ya tanzanaiti?

Ni jamaa ya jambo hilo hilo. Tanzanaiti ya Mererani kwa sehemu kubwa ni kalsiamu, alumini, silikoni na oksijeni, mchanganyiko ambao peke yake hauna ile buluu. Rangi inatokana hasa na chembe chache za vanadi, elementi yenye protoni 23, ambazo elektroni zake humeza baadhi ya rangi za mwanga na kuachia buluu na zambarau. Mawe mengi hutoka ardhini yakiwa ya kahawia, na hupashwa moto ndipo yawe buluu.

Protoni zote zina chaji chanya. Kwa nini hazifukuzani?

Zinafukuzana, tena kwa nguvu. Swali hili nililiuliza nikiwa kidato cha pili nikajibiwa nikariri, na jibu hilo ndilo lililonifanya niwe mwalimu.

Kuna nguvu nyingine inayoitwa nguvu kuu ya kiini, inayozivuta protoni na nyutroni pamoja. Inaushinda umeme, lakini hufanya kazi zikikaribiana kabisa tu, kama wapagazi wanaoshikana mikono. Nyutroni zinasaidia kwa sababu zinaleta mvuto huo bila kuongeza msukumano. Kiini kikiwa kikubwa sana, protoni za upande mmoja zinaendelea kuzisukuma za upande wa pili huku mikono haifiki. Ndiyo maana elementi zote zilizo baada ya risasi, yenye protoni 82, hazidumu milele: viini vyake huvunjika, vingine upesi, vingine baada ya miaka mabilioni.

Protoni na nyutroni zenyewe zina vitu ndani, vinavyoitwa kwaki, vitatu kwa kila moja. Murray Gell-Mann na George Zweig walipendekeza wazo hilo mwaka 1964, kila mmoja kwa upande wake. Elektroni haijaonekana kuwa na kitu ndani.

Nimesikia ndizi zina mionzi. Mimi nauza ndizi Tengeru, niache?

Mama yangu, endelea kuuza, na mtori endelea kupika.

Ndizi ina potasiamu, ambayo mwili unaihitaji kwa neva na misuli. Kila atomu ya potasiamu ina protoni 19. Nyingi zina nyutroni 20, nyingine 22, na chache, kama moja katika 8,500, zina 21. Atomu za elementi moja zinazotofautiana nyutroni huitwa isotopu. Hizi za nyutroni 21 tunaziita potasiamu-40, na kiini chake hakijatulia. Katika ndizi moja, atomu kama 15 hubadilika kila sekunde. Katika mwili wa mtu mzima ni zaidi ya 4,000 kila sekunde, awe amekula ndizi au hajala, na mwili ukizidiwa na potasiamu huitoa kwenye mkojo. Imekuwa hivyo tangu binadamu awepo.

Kinachotokea ni cha kupendeza. Mara nyingi nyutroni moja hugeuka protoni na kutupa elektroni nje, na elektroni hiyo inayorushwa ndiyo mionzi uliyoisikia. Protoni zimekuwa 20, na potasiamu imekuwa kalsiamu. Lakini kama mara moja katika tisa, kiini humeza elektroni iliyo karibu, protoni hugeuka nyutroni, zinabaki 18, na hiyo sasa ni gesi ya agoni. Nusu ya potasiamu-40 hubadilika kwa miaka bilioni 1.25.

Volkano ikilipuka, agoni iliyokuwamo kwenye mawe yaliyoyeyuka hutoka kama mvuke kwenye sufuria. Mawe yakiganda, agoni mpya inayozaliwa hunaswa ndani. Pima agoni iliyopo, pima potasiamu iliyobaki, unajua jiwe liliganda lini. Kwa njia hii majivu ya volkano pale Olduvai yalitoa umri wa fuvu alilolipata Mary Leakey mwaka 1959: kama miaka milioni 1.75. Saa iliyopima umri huo ni ya potasiamu ile ile iliyo kwenye ndizi zako.

Tume ya Nguvu za Atomu ipo Njiro. Tuna hatari ya bomu?

Hapana. Kazi ya tume hiyo ni kusimamia matumizi salama ya mionzi: mashine za hospitali, vifaa vya viwandani, na kupima vyakula kama vina mionzi isiyotakiwa. Bomu linahitaji urani au plutonia iliyoandaliwa kwa namna ya pekee na kwa gharama kubwa. Naitaja na eksirei hapa kwa kuwa wengi huiogopa: eksirei haitoki kwenye kiini. Mashine hurusha elektroni kwa kasi zikagonga kipande cha metali, na mionzi hutoka hapo. Ikizimwa, hakuna mionzi inayobaki chumbani wala mwilini.

Kwa nini meno ya watu wa Meru ni ya kahawia? Atomu inahusikaje?

Swali hili nimelibeba mdomoni mwangu. Nimekulia kwenye miteremko ya mlima Meru, na meno yangu ya mbele yana mistari ya kahawia tangu yaote. Nilipokwenda bweni mkoa mwingine, wenzangu waliniambia nipige mswaki. Nilipiga mpaka fizi zikatoka damu. Miaka yote ile hakuna aliyenieleza kwamba siyo uchafu, na kwamba siyo kosa langu.

Florini ina protoni 9 na elektroni 9: mbili ndani, saba nje. Nje panataka nane. Kwa ajili ya hiyo moja iliyopungua, florini ni gesi kali kuliko karibu kila kitu kwenye jedwali, ya kuunguza na kuua, inayonyang'anya elektroni popote inapozikuta. Ikishaipata ya kumi, inatulia kabisa. Protoni bado 9, elektroni 10: sasa ni ioni, inaitwa floraidi. Inakaa ndani ya maji bila rangi wala harufu. Elektroni moja tu imegeuza tabia yake yote. Kila nikiandika namba hizi ubaoni, naona darasa limenyamaza.

Miamba ya volkano ya Meru ina floraidi nyingi, na maji yakipita ndani yake huibeba. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Baadhi ya chemchemi na visima vya kuzunguka mlima huu huzidi kiwango hicho mara kadhaa. Usihukumu kwa macho: maji safi kama kioo yanaweza kuwa nayo tele.

Sasa jino. Sehemu ngumu ya nje ni fuwele ya kalsiamu na fosfeti, na ndani ya fuwele hiyo kuna viti vinavyokaliwa na ioni ya haidroksidi, yaani oksijeni na haidrojeni zenye chaji hasi moja. Floraidi ina chaji hasi moja vilevile, na ukubwa unakaribiana. Inakikalia kile kiti. Ikiwa kidogo, jino linakuwa imara zaidi, ndiyo maana imo kwenye dawa ya meno. Ikiwa nyingi wakati jino bado linaundwa ndani ya fizi, takriban kabla mtoto hajafika miaka minane, ujenzi wa jino unavurugika, na linaota likiwa na madoa. Mswaki hauondoi kwa sababu hasara ilifanyika kabla jino halijaona mwanga. Kwa wanaokunywa nyingi zaidi kwa miaka, mifupa nayo huguswa: viungo hukaza, na watoto wengine hupinda miguu.

Nikichemsha maji, si itatoka?

Haitoki. Kuchemsha huua vijidudu, na lazima uendelee kwa sababu hiyo. Ioni haina uhai wa kuuawa. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani, na kila lita ya maji yaliyobaki inakuwa nayo nyingi zaidi. Kitambaa cha kuchujia hakiishiki, na vidonge vya klorini haviigusi. Angalia pia magadi mnayotia kwenye makande na maharage: mara nyingi yana floraidi yake.

Kwa watoto wadogo, maji ya mvua kutoka bati safi ni bora kuliko yote, mkiwa na tangi. Njia nyingine ni mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo mpaka ikawa nyeusi, ikasagwa chengachenga na kujazwa kwenye ndoo yenye bomba. Mfupa umejengwa kwa fuwele ya jamii ile ile ya jino, wenye viti vile vile, kwa hiyo floraidi hukaa humo na maji hutoka yameachana nayo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi. Usichome mifupa mwenyewe uani, ikiungua vibaya maji yatanuka na huenda yasisafike.

Viti hujaa. Ndoo iliyofanya kazi vizuri mwaka jana inaweza kuwa imeshachoka, na kwa macho huwezi kujua. Chukua maji yaliyotoka kwenye bomba la ndoo, yapeleke maabara ya maji yapimwe, na uyabebe kwenye chupa ya plastiki iliyosuuzwa kwa maji hayo hayo, siyo ya kioo.